Rili ya Kutoka Eda

Nyinyi vijana mliobaki pale redioni kwenye meza yetu ya sinema mmenitaka niwaandikie namna ya kuhakiki filamu, kwa kuwa nimestaafu na, kama mlivyosema kwa adabu zenu, sasa ninayo nafasi. Nafasi ninayo. Ninayo mpaka paka wa jirani ananionea huruma. Lakini kuhakiki filamu sikufundishwa darasani, wala sikukusoma kitabuni. Alinifundisha mwanamke mmoja aliyekuwa akishika ufunguo wa mlango, Likoni, katika ile miaka ya mwisho ya Mwingereza, na alinifundisha kwa kunikalisha mahali ambapo filamu siioni vizuri. Nitawaeleza ya huyo. Ya vyeo na mishahara waulizeni wahasibu, wao ndio wanaoyapenda.

Nilipoingia redioni nilikuwa msichana wa Mtongwe, baba yangu mkulima wa mihogo na minazi, na shule nilikuwa nimemaliza juzi tu. Mkuu wa vipindi vya Kiswahili alikuwa Bwana Hemedi, mtu mwembamba aliyekunywa kahawa kama dawa, na alitaka kipindi kifupi cha kuzungumzia filamu za Kihindi kwa ajili ya wanawake wa majumbani. Alikuwa naye mwanamume hodari wa kuandika habari hizo, ila hakuweza kutia mguu kwenye zanana, yaani onyesho la mchana la wanawake peke yao. Ndipo nikaitwa mimi. Nayasema haya ili msije mkadhani kuwa kipaji ndicho kilichonifungulia mlango. Mlango ulifunguliwa na buibui.

Baba alikubali kwa sharti kwamba magharibi inikute nyumbani. Mama alikubali kwa sharti kwamba nimsimulie kila filamu, tena bila kuruka nyimbo. Sharti la mama lilikuwa zito zaidi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la nazi kavu, si mbali na feri. Mwenye mali aliliwekea mabenchi, akatundika pazia jeupe ukutani, akapasua tundu la kupitishia mwanga wa mashine, basi pakawa sinema. Siku za joto harufu ya nazi iliyochacha ilipanda kutoka sakafuni, na wanawake wakawa na mzaha wao kwamba filamu ya leo imechacha hata kabla ya kuanza. Walikuja kutoka mashamba ya Mtongwe na nyumba za njia ya Shelly Beach, wake wa wavuvi na wa wachuuzi, mabibi na wajukuu zao. Wakishaingia, buibui zilivuliwa na kukunjwa, na lile ghala la giza likajaa rangi za leso.

Mwanamume aliyeruhusiwa kuwamo alikuwa mmoja tu, naye ni fundi wa mashine, Fundi Rajabu wa Utange. Aliingia kabla ya wanawake kufika, akafungiwa kwenye kichumba chake kwa ufunguo, na hakufunguliwa mpaka mwanamke wa mwisho ameondoka. Tundu la mashine lilitazama pazia tu. Mlangoni mwa kichumba palikuwa na kidirisha kidogo cha kumpitishia maji, maana mashine ile ilichoma vijiti vya makaa kupata mwanga wake na mle ndani palikuwa tanuri. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, na alisema yeye ndiye mfungwa pekee wa Mombasa anayelipwa.

Ufunguo aliufunga Bi Zaituni kwenye pindo la leso yake. Huyo ndiye mlinzi wa mlango, na ndiye mwalimu wangu. Alikuwa mrefu, mpole, macho hayamtoki mtu, na alivaa nyeupe tangu kichwani hadi miguuni. Katika rangi zote zile, nyeupe ilikuwa yake peke yake. Mumewe alifia bandarini, kamba ya winchi ilipokatika, nao hawakuwa wameoana miaka mingi. Bi Zaituni alikaa eda yake kama sheria inavyotaka, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mavyaa wake, mama wa marehemu, Bi Mwanaisha. Siku ilipofika ya kutolewa eda, ya kuogeshwa na kufukizwa na kuvishwa rangi, mavyaa alikuwa taabani kwa huzuni. Akamwomba mkazamwana wake aivae nyeupe kidogo zaidi, kwa kuwa akimwona nayo ni kama mwanawe yungali karibu. Bi Zaituni akaivaa. Kidogo ikawa mwaka, mwaka ikawa miaka, na hakuna aliyerudi kuizungumza tena.

Hakuna aliyemlazimisha, nataka mlielewe hilo. Walikuwa wakipendana, yeye na mavyaa wake, wakila sinia moja. Lakini Fundi Rajabu alikuwa amekwisha kupeleka wazee mara moja kuposa, na jibu la Bi Zaituni lilikuwa neno moja: "Nna nyeupe." Wazee wakanywa kahawa wakarudi. Wakati nafika mimi, kila mtu pale ukumbini alilijua jambo hilo na kila mtu alijifanya halijui, kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani.

Siku yangu ya kwanza nilikaa benchi la mbele, katikati, nikaitazama filamu kwa macho yote mawili na mdomo wazi. Nilirudi ofisini nikaandika hadithi yote, nani alimpenda nani na nani alikufa. Bwana Hemedi aliisoma, akaniuliza kama kulikuwa na watu mle ukumbini. Nikamwambia walijaa tele. Akasema basi mbona hamna hata mmoja kwenye karatasi yangu, na akanirudishia. Nilivuka feri jioni ile nikilia, na upepo wa feri ni mzuri kwa hilo, kila mtu anadhani ni chumvi.

Zanana iliyofuata Bi Zaituni aliniona nimenuna. Hakuuliza sana. Alinishika mkono akanipeleka kwenye benchi fupi lililoegeshwa ubavuni mwa ukuta, karibu na pazia, ambapo ukikaa unawatazama watu usoni na filamu unaiona kwa pembe ya jicho.

"Filamu haikimbii, mwanangu," akaniambia. "Itarudi kesho na kesho kutwa, vile vile. Hawa hawarudi vile vile. Watazame hawa."

Benchi hilo ndilo chuo changu. Pale nilijifunza kwamba vilio havifanani. Anayelia ya filamu hujifuta kwa kiganja, kisha humtafuta jirani wacheke pamoja. Anayelia ya kwake huziba mdomo kwa leso na hageuki upande wowote. Nilijifunza kwamba mabibi huwacheka mashujaa wanaoimba sana, na kwamba mke aliyeolewa karibuni hutazama jiko la kwenye filamu kuliko bwana harusi. Nilijifunza kuna kimya cha kuchoka na kimya cha kuogopa kusikiwa unapumua. Bi Zaituni aliniuliza baada ya kila onyesho: walinyamaza wapi? Akishapata jibu ndipo huniuliza kwa nini, na kwa nini hiyo tuliizungumza mpaka adhana ya alasiri.

Gizani huwezi kuandika, na kurunzi ilikatazwa. Kwa hiyo nikawa nafunga fundo kwenye pindo la leso kila mahali ukumbi ulipotikisika, fundo dogo la kicheko, kubwa la kilio, na nikifika nyumbani nayafungua moja moja na kukumbuka. Msinicheke. Mna vinasa sauti vya mfukoni na bado mnasahau. Hasara yake ilikuwa moja tu, kwamba mama aliwahi kuyafungua mafundo yote akitafuta hela za sukari, na kipindi cha wiki ile nililazimika kuzungumzia nyimbo.

Filamu hizo hizo zilipelekwa pia Changamwe, kwenye ukumbi wa wafanyakazi, nami nikafuata. Huko wengi walikuwa wake wa watu wa reli, wa bandari na wa viwandani, waliokuja kutoka bara, na benchi langu la ubavuni nililiomba huko nako. Pale Likoni waliponyamaza, Changamwe walipiga makofi. Mwenye shamba akipigwa na wakulima wake, Likoni walisema astaghfirullah, amezidi huyu, mwacheni. Changamwe walisimama juu ya mabenchi. Niliporudi na habari hizo Bwana Hemedi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo sijaandika "watazamaji" bila kusema wa wapi.

Sasa nifike kwenye ile filamu.

Ilikuja karibu na uhuru, wakati ambapo kila kitu kiliitwa Uhuru, hata beberu wa jirani yetu. Jina lake silitaji, halina maana hapa. Ilikuwa ya msichana wa kijiji aliyeolewa kwa shangwe, na kabla ya wimbo wa tatu mumewe akafa. Wakamvua bangili, wakamvika nyeupe. Alibaki kwa wakwe zake akiteka maji, akiamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Akaja mwalimu wa shule, mtu mwema, akampenda kwa mbali, akangoja, akaondoka. Mwisho wa filamu msichana amesimama uani na ndoo ya maji, ndani ya ile ile nyeupe, nywele zimeanza mvi, na mwanga ukawaka ukumbini.

Mnajua wanawake wa Likoni walifanya nini? Walikaa. Hakuna aliyeokota buibui. Walikuwa wakingoja. Wao waliiona nyeupe ile wakajua ni eda, ingekuwa nini tena? Na eda ina mwisho wake. Tangu katikati ya filamu niliwasikia wakinong'onezana kwamba sasa hivi atatolewa, sasa hivi, mwalimu yule asiende mbali. Waliingojea rili, yaani kile kipande cha mkanda cha kutoka eda, wamwone akioga na kuvaa rangi na kutiwa asumini, na mwanga ulipowaka kabla yake, walielewa jambo moja tu. Fundi ameikata.

Walisimama. Wakaanza wa nyuma, wakafuata wa mbele, wakigonga mabenchi kwa viatu. "Rili! Rili! Tupeni rili ya kutoka eda!" Bibi mmoja wa Mtongwe, jirani yetu mtaratibu ambaye hata kuku hamfukuzi, aliupiga mlango wa kichumba kwa mkongojo na kumwambia Fundi Rajabu kwamba mwizi wa filamu ni mwizi vile vile. Na yeye amefungiwa mle, hana pa kukimbilia. Alisema kwa heshima kutoka nyuma ya kidirisha kwamba yeye kitu pekee anachokata ni pilipili. Haikusaidia.

Mimi nilikuwa kwenye benchi langu, mgongo ukutani, nikiwatazama. Wote walikuwa wakipiga kelele au wakilia, isipokuwa mtu mmoja. Bi Zaituni alikuwa amesimama mlangoni pake ndani ya nyeupe yake, ameziba mdomo kwa leso, hageuki upande wowote.  Nililifunga fundo la mwisho la siku ile kwa ajili yake, na nilijua hapo hapo kwamba hilo halitakwenda redioni.

Wanawake walipokwisha kuondoka, Fundi alitufungulia makopo yake ya filamu, akazipanga rili mezani moja moja mbele ya Bi Zaituni na mbele yangu. Zote zilikuwamo. Kilichomuumiza si kelele, alisema, ni kwamba yeye amezoea kuunga filamu za watu zilizokatika, na leo ameitwa mkataji. Alikuwa akizungumza nami lakini macho yake yako kwenye makopo, na Bi Zaituni yake yako kwenye ufunguo. Nilitoka nje nikajidai natazama wingu.

Mwenye ukumbi alisikia habari za mabenchi yake akaghadhibika. Alisema ikiwa wanawake hawajui kuangalia filamu ya watu, zanana itafungwa, na filamu hiyo itaonyeshwa mara moja tu iliyobaki kwa kuwa ameshaikodi. Kama kelele zitarudi, basi imekwisha. Nilipovuka kwenda ofisini nilikuwa na hofu. Kwa wengi wa wale wanawake, mchana ule mmoja wa wiki ndipo walipotoka kwa ajili yao wenyewe.

Bwana Hemedi alicheka mpaka kahawa ikammwagika. Alitaka nifanye kichekesho kwenye kipindi, kwamba wanawake wetu wamedai rili ya kutoka eda kwa Wahindi. Nilimheshimu mtu huyu na namheshimu hata leo, Mungu amrehemu, lakini nilimwambia sitafanya. Aliniuliza kwa nini, kwani hawakukosea? Nikamwambia walikosea desturi lakini filamu waliielewa kuliko mimi. Mimi niliona mwisho wa kusikitisha. Wao waliona kuna kitu hakipo, na kweli hakipo, ila si fundi aliyekikata.  Akasema, "Haya, kaseme hivyo hivyo. Ukiharibu, nami simo." Hiyo kwake ilikuwa sifa.

Maneno niliyosema redioni nayakumbuka, kwa kuwa nilikaa nayo usiku na mchana kabla ya kuyasoma. "Wanawake wa Likoni wameuliza iko wapi rili ya kutoka eda. Fundi hajaikata. Waliotengeneza filamu hawakuipiga, kwa sababu huko walikoipiga, nyeupe ya mjane haina siku ya kuvuliwa. Kwetu ina siku. Basi filamu hii haituulizi habari za wenzetu. Inatuuliza sisi tulio na siku: tunaikumbuka?"

Sikumtaja mtu, na wala sikukusudia kumsema mtu, ingawa siwezi kusema sikuwa na sura yake machoni. Zanana iliyofuata Bi Zaituni alinipokea kama kawaida, akaitika salamu yangu, kisha akaniuliza polepole kama nilimsema yeye. Nikamwambia nimeisema filamu. 

"Mavyaa ameisikia kwa jirani," akasema. "Yuwataka kumwona huyo mjane. Amekuja."

Bi Mwanaisha alikuwa hajaingia sinema maisha yake yote. Alikuwa kikongwe mdogo, mkavu, mwenye bakora na maoni. Nilimpa shikamoo, akanipa marahaba, akakaa kwenye benchi langu la ubavuni kwa kuwa aliogopa katikati, na kutoka hapo akaitazama filamu kwa shingo iliyopinda, akizungumza nayo muda wote. Alimwambia bwana harusi ale vizuri. Alipokufa alimsomea inna lillahi, na benchi zima la mbele likaitikia. Walipomvua msichana bangili, alininong'oneza kwamba polepole, wanamuumiza mtoto. Mwalimu wa shule alimpendeza. Alisema ana miguu ya mtu mwenye heshima, sijui aliona nini.

Ukumbi mzima ulikuwa umetulia, maana habari za zanana kufungwa zilikuwa zimeenea. Msichana akasimama uani na ndoo yake. Mwanga ukawaka. Hakuna aliyepiga kelele. Bi Mwanaisha peke yake hakuelewa kwamba inabidi kunyamaza.

"Imekwisha?" akaniuliza.

"Imekwisha, bibi."

"Na yule mtoto wa watu wamemwacha vivyo hivyo?"

"Wamemwacha, bibi."

"Hana mavyaa?"

Nikamwambia anaye, ndiye yule mama wa marehemu, aliyekuwa akinawishwa mikono kila jioni. Bi Mwanaisha aligonga bakora sakafuni. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ghala lile lilikuwa limejengwa kwa ajili ya nazi, si kwa ajili ya siri, na walimsikia hadi mlangoni.

"Basi huyo ndiye wa kumtoa. Angoja nani amtolee? Mwanamke mzima, amemsahau mtoto wa watu ndani ya nyeupe!"

Aligeuza uso kumtafuta mwenzake wa kumuunga mkono, kama tunavyofanya sote. Aliyemwona ni Bi Zaituni, mlangoni, na ufunguo mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya Bi Mwanaisha, nikamsikia pumzi inavyomtoka.  Alishikwa mkono na mkazamwana wake yule yule, wakatoka nje polepole, na wanawake wakawapisha bila kuwatazama. Nililia, na nilijiziba mdomo kwa leso, na mafundo yake yalikuwa magumu mdomoni.

Siku zile zilizofuata sikusikia lolote. Nilikuwa na hofu kwamba nimemharibia mwalimu wangu sinia lake na mavyaa wake. Bwana Hemedi aliniona nakosea majina hewani akaniambia nikapumzike, nami sikuenda.

Waliooana baadaye nimekwisha kuwaonyesha ni akina nani, na pilau yao niliila Utange, na ilikuwa na chumvi nyingi. Mliniuliza kuhakiki filamu, si kupika. Ninachotaka mkijue ni mchana wa zanana iliyofuata.

Fundi Rajabu alifika mapema kama desturi, na Bi Zaituni hakuwapo. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea. Ufunguo wa akiba uliletwa kutoka dukani kwa mwenye ukumbi, na nikamfungia fundi mimi. Aliniuliza mara moja yuko wapi, nikamwambia sijui, akaingia kimya kama mtu anayekwenda jela kweli. Wanawake wakaja. Buibui zikavuliwa. Watu walitazama mahali pake pa mlangoni, penye kiti kitupu, na hakuna aliyetaja jina. Nilikaa kwenye benchi langu nami nikawa karibu kusema kwamba tuanze tu.

Mlango ukafunguka. Aliyeingia kwanza ni Bi Mwanaisha, bakora mkono mmoja, chetezo mkono wa pili, bado kinafuka udi, maana alikuwa hakutaka kukiacha nyumbani eti moshi usije ukaisha njiani. Nyuma yake Bi Zaituni alisimama akavua buibui. Leso zake zilikuwa nyekundu, jozi mpya, zimekatwa lakini bado hazijafuliwa, na asumini kichwani. Alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote, na hakujua mikono aiweke wapi.

Kikapigwa kigelegele kimoja, nadhani ni cha yule jirani yetu wa Mtongwe mwenye mkongojo. Kisha ghala zima. Wanawake walisimama juu ya mabenchi yale yale tuliyokatazwa kuyagusa, wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia, na Bi Mwanaisha akamzunguka mkazamwana wake kwa chetezo, akimfukiza mbele ya watu wote, huku machozi yanamtoka na hayafuti. Mimi sikufunga fundo lolote. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi langu.

Fundi Rajabu haoni kitu mle ndani ila pazia jeupe. Alisikia kelele, akadhani ni ile filamu tena, ni mabenchi tena, zanana imekwisha. Akagonga kidirisha, akagonga tena. Bi Zaituni alipita katikati ya wanawake, akaenda akakifungua mwenyewe.

"Kuna nini huko?" nikamsikia fundi akiuliza. "Wamekosa nini leo?"

"Hawajakosa kitu," Bi Zaituni akamjibu. "Ile rili imepatikana, fundi. Washa."

Mashine ilichukua muda mrefu sana kuwaka siku ile, na katika wanawake wote wale hakuna hata mmoja aliyelalamika.